Goti Si Karasha: Mazoezi ya Kupunguza Maumivu ya Viungo Machimboni

Ukikaribia Nyarugusu, mkoani Geita, kwa bodaboda, unayasikia makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu kabla hujayaona. Gololi za chuma zinagongana ndani ya pipa mchana kutwa, jiwe linageuka unga, vumbi linatua juu ya kila kitu. Pembeni mwa kelele hiyo, chini ya turubai, wanakaa akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo kabla hayajaingia kwenye mashine. Mmoja wao, wa rika la mama yangu, nilimsalimia: "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akataka kuinuka anisogezee kigoda. Kuinuka kwake kulikuwa na hatua zake: mkono mmoja chini, mguu mzima mbele, mkono wa pili kwenye mti wa turubai, anavuta pumzi, halafu anajisukuma juu huku ameuma meno.

"Goti hili limeisha ute," aliniambia. "Limesagika kama mawe haya." Majirani walimshauri apumzike, naye akapumzika kweli. Alikaa nyumbani miezi miwili, binti yake akimletea maji na chakula. Aliporudi kazini goti lilikuwa baya kuliko alivyoliacha. Hata chooni, kuchuchumaa kukawa mtihani.

Habari kama hiyo nimeisikia Lwamgasa, nimeisikia Katoro, na wewe msomaji huenda unayo nyumbani kwako. Ndiyo maana naandika makala hii. Tunaoishi jirani na makarasha tumezoea kuufikiria mwili kama mashine: chuma kinachozunguka sana ndicho kinachoisha, kwa hiyo ukitaka kidumu, kizime. Kwa karasha ni kweli. Ukilizima, halisagiki. Goti ni kinyume chake. Ukilizima, ndipo linapoharibika.

Tuanze na kinachotokea ndani. Miisho ya mifupa inayokutana kwenye kiungo imefunikwa na gegedu, utando mgumu kiasi, laini na unaoteleza, unaozuia mfupa kusuguana na mfupa. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute wa kiungo, na linasaidiwa kukipata kwa kukandamizwa na kuachiwa, kama dodoki ndani ya beseni la maji. Ukilibana linatoa, ukiliachia linafyonza. Mtu anayetembea, anayekunja goti na kulikunjua, analilisha gegedu lake. Anayelaza mguu wiki baada ya wiki analinyima.

Jambo la pili ni misuli. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unafanya kazi ya shokapu ya pikipiki: unapokanyaga, wenyewe unapokea kishindo kabla hakijafika kwenye kiungo. Goti likiuma, mtu analikwepa. Msuli usiotumika unanywea, tena kwa haraka. Msuli ukinywea, kishindo chote kinatua kwenye goti, maumivu yanaongezeka, mtu anazidi kulikwepa. Huo ndio mduara uliomkamata mama yule wa kwenye turubai. Miezi yake miwili ya kukaa haikuliponya goti. Ilimwibia paja.

Hapa mchimbaji atanikatiza, na ana haki: "Ndugu mwandishi, mimi nashuka duarani, ndani ya shimo la mgodi, alfajiri, nagonga nyundo na tindo, napandisha mifuko ya mawe. Nifanye mazoezi ya nini tena?"

Jibu ni kwamba kazi na mazoezi ni vitu viwili tofauti. Kazi inachagua kiungo inachotaka na kukitumia vilevile kila siku, bila kujali kama kimechoka. Mazoezi unayachagua wewe: uzito unaouweza, mara unazoziweza, kisha unapumzika. Anayepiga magoti duarani saa nne mfululizo analibana dodoki asiliachie. Anayegonga kwa mkono wa kulia mwaka mzima ana bega moja la simba na jingine la mtoto.

Na kwamba uchimbaji unaumiza magoti si maneno ya mtaani tu. Katika miaka ileile ambayo babu zetu walikuwa wakishuka kwenye mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, kule Uingereza madaktari John Lawrence na Jonas Kellgren waliwachunguza wachimbaji wa makaa ya mawe na kuwapiga picha za eksirei. Matokeo yalichapishwa mwaka 1952: magoti na migongo ya wachimbaji ilikuwa imeharibika zaidi ya ile ya wafanyakazi wa ofisini. Mwaka 2009 serikali ya Uingereza ilikubali rasmi kwamba kusagika kwa goti kwa wachimbaji wa makaa waliofanya kazi chini ya ardhi miaka 10 au zaidi ni ugonjwa unaotokana na kazi. Hadi leo daktari akikusomea picha ya goti na kukutajia daraja kuanzia 0 hadi 4, anatumia kipimo chenye majina ya watu hao, Kellgren na Lawrence.

Picha hiyo isikukatishe tamaa. Kuna watu wenye picha mbaya wanaotembea vizuri, na wenye picha nzuri wanaolia usiku. Wala wewe si wa peke yako: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kusagika kwa viungo, asilimia 60 kati yao wanawake. Goti ndilo linaloongoza kwa kuugua.

Kabla hujaanza, jikague

Si kila kiungo kinachouma kinahitaji mazoezi. Kuna maumivu yanayotaka hospitali kwanza, tena haraka:

- Kiungo kimevimba ghafla, kina joto, na una homa. Huenda kuna usaha ndani. Nenda siku hiyohiyo.
- Kidole gumba cha mguu kimewaka moto usiku mmoja na hata shuka hulivumilii. Huenda ni jongo, nalo lina dawa zake.
- Vidole vya mikono yote miwili vinavimba, na asubuhi vinakaza kwa saa nzima au zaidi. Huenda ni baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo. Kadiri dawa zinavyochelewa, ndivyo viungo vinavyopinda.
- Mtoto au kijana mwenye maumivu ya viungo yanayorudi mara kwa mara. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu. Apimwe damu.
- Homa za kupanda na kushuka pamoja na maumivu ya viungo, kwa mtu anayefuga au kunywa maziwa mabichi. Aulizie kipimo cha brusela.
- Mgongo unaouma usiku, kikohozi cha muda mrefu, kupungua uzito. Vumbi la mawe na kifua kikuu ni majirani wa karibu, na kifua kikuu huingia hadi kwenye mifupa.
- Maumivu ya mgongo yanayokuja na ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia haja. Usingoje kesho.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, na tatizo lako ni goti, nyonga, bega au mgongo unaouma ukifanya kazi na kukaza ukiamka, basi mazoezi yanakuhusu.

Kanuni ya maumivu

Watu wengi huacha siku ya tatu kwa sababu wameumia kidogo wakaogopa. Jipimie maumivu kwa namba: 0 ni hakuna kabisa, 10 ni makali yasiyovumilika. Ukifanya zoezi yakabaki kati ya 0 na 2, uko salama. Yakifika 3 hadi 5, bado yanakubalika. Yakizidi 5, punguza uzito au idadi. Kisha ngoja hadi kesho yake saa ileile: goti likiwa limerudi kwenye hali yake ya kawaida, kipimo kilikuwa sahihi. Likiwa limevimba au linauma kuliko jana, ulizidisha. Punguza nusu, usiache.

Na ule mlio wa goti, kwata-kwata unapoinuka? Kama hauna maumivu wala goti halinasi, hauna shida. Uache uimbe.

Mazoezi yenyewe

Unahitaji mkeka, kiti, ukuta na kanga moja. Fanya siku tatu kwa wiki, ukiruka siku moja katikati. Chagua saa ambayo mwili una nafuu. Kwa wengi ni jioni baada ya kuoga maji ya moto, si alfajiri viungo vikiwa vimekaza. Tembea kwanza uani dakika tano upate joto.

La kwanza ni kukaza paja. Kaa au lala kwenye mkeka, mguu umenyooka, kanga iliyoviringishwa chini ya goti. Ikandamize kanga kwa goti hadi uone msuli wa paja umeumuka. Hesabu hadi tano, legeza. Mara 10 kila mguu. Hili hata anayeumwa sana analiweza, na ndilo la kuanzia kwa aliyekaa muda mrefu.

La pili ni kunyoosha goti kitini. Kaa wima, nyanyua unyayo hadi mguu unyooke, hesabu tano, shusha polepole. Usiuangushe, kwa maana kushusha taratibu ndiko kunakojenga. Ukifikisha mara 10 kwa raha, jaza mchanga nusu kilo kwenye soksi ndefu, uifunge kwenye kifundo cha mguu. Na mchanga huo uwe wa mtoni au wa ujenzi. Usichukue marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuosha dhahabu mwaloni, kwa sababu yana zebaki, na zebaki haipaswi kulala nyumbani kwako.

La tatu ndilo mfalme: kuinuka na kukaa. Chukua kiti imara kilichoegemea ukuta. Vuka mikono kifuani, inama mbele kidogo, inuka, simama wima, kisha kaa polepole kana kwamba kiti kina mayai. Mara 8 hadi 12, pumzika, rudia. Ukishindwa, weka blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi, au jisaidie kwa mikono. Ukiona rahisi, hamia kwenye kiti kifupi, na mwisho kwenye kigoda. Zoezi hili nalipenda kwa sababu linarudisha heshima. Anayeweza kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu ataweza kwenda chooni bila msaada, na mama wa Kisukuma ataweza tena kupiga goti kusalimia wakwe bila kuombewa radhi.

La nne ni daraja. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Nyanyua makalio hadi mwili uwe mstari kutoka mabegani hadi magotini, hesabu tano, shusha. Mara 10. Hili linajenga makalio na kiuno, na linawasaidia pia wenye mgongo unaouma kwa kuinama.

La tano ni kupanda kizingiti. Tafuta baraza au ngazi isiyozidi urefu wa shubiri. Panda kwa mguu mmoja, leta wa pili, shuka polepole. Mara 8 kila mguu, mkono ukiwa ukutani. Angalia goti lisiangukie ndani. Lielekee kwenye vidole vya mguu.

Kwa wanaoponda mawe, mikono nayo ina haki yake. Kunja ngumi taratibu, kisha fungua vidole vyote hadi mwisho, mara 10. Gusisha kidole gumba kwenye kila ncha ya kidole kingine. Zungusha mabega nyuma. Kamua kitambaa kilichoroweshwa maji ya uvuguvugu, kwa upande huu kisha ule.

Kisha tembea. Anza na dakika 10 kwa siku, ongeza dakika mbili au tatu kila wiki hadi ufikishe nusu saa siku tano za wiki, yaani dakika 150, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa cha chini kwa afya ya mtu mzima. Na usidharau ngoma. Mzee anayecheza bugobogobo harusini, jembe mkononi, anakunja magoti, anahamisha uzito mguu hadi mguu na kuulinda mwili usiyumbe. Kucheza ni mazoezi halali.

Subira ya wiki sita

Denmark walianzisha mwaka 2013 mpango unaoitwa GLA:D kwa watu wenye magoti na nyonga zilizosagika: elimu kidogo, kisha mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, mengi yakiwa jamaa ya haya niliyokueleza. Umeenea nchi nyingi. Jambo la kujifunza kwao ni muda. Msuli haujengwi kwa siku tatu. Wiki mbili za kwanza utaona kama unajisumbua. Kuanzia wiki ya nne hadi ya sita ndipo utakapogundua umeinuka bila kushika ukuta.

Nikuambie ukweli mwingine pia. Mazoezi hayarudishi gegedu lililokwisha, na hayafuti maumivu yote. Yanayapunguza kwa kiasi, yanakupa nguvu ya kufanya mambo yako, na ukiacha, faida inaondoka. Ni kama kupalilia.

Vidonge, bamia na zebaki

Machimboni, dawa ya kwanza ya goti ni kidonge cha diklofenaki kutoka duka la dawa, asubuhi kimoja, jioni kimoja, mwezi hadi mwezi. Dawa hiyo inasaidia kwa siku chache. Ikizoeleka inachimba vidonda tumboni, inapandisha shinikizo la damu na inaumiza figo. Na wewe mchimbaji figo zako tayari zina mzigo: unatoka jasho duarani bila kunywa maji ya kutosha, na unashika au kuvuta mvuke wa zebaki, ambayo nayo ni adui wa figo. Usiongeze wa tatu. Muulize mtoa huduma wa afya kuhusu dawa ya kupaka kwenye goti. Kaa mbali na vidonge visivyo na jina vinavyosemekana kuponya siku hiyohiyo. Baadhi huchanganywa kwa siri na dawa kali za steroidi, zinazokunenepesha uso huku zikidhoofisha mifupa.

Wengi wananiuliza kuhusu maji ya bamia na supu ya makongoro kurudisha ute. Bamia ni mboga nzuri, endelea kuila. Lakini mlendo wake, kama ilivyo supu hiyo, unamalizikia tumboni. Hauna njia ya kufika gotini. Ute wa goti unatengenezwa na goti lenyewe, na linautengeneza vizuri linapotembezwa.

Kinachosaidia kupitia sahani ni kupunguza uzito kwa aliyezidi. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 kwa wazee wanene wenye magoti mabovu ulionyesha kuwa kila kilo moja iliyopungua mwilini iliondoa kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Kilo tano ni kilo ishirini. Soda mbili za kila siku ndizo za kuanza kuziacha.

Badili kazi kabla kazi haijakubadili

Mama unayeponda mawe, usikae chini miguu imenyooka siku nzima. Kaa kwenye kigoda, na kila baada ya nusu saa simama, tembea hatua ishirini, badili mkono wa nyundo kwa dakika chache. Mchimbaji unayepiga magoti, kata kipande cha godoro kuukuu ukifunge gotini. Gawa mfuko mmoja mzito uwe miwili. Safari mbili nyepesi ni nafuu kuliko moja inayokulaza. Ukitumia fimbo, ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande unaouma. Na ukitoka kazini, gambuti lisiwe kiatu chako cha kutembelea. Vaa kitu chepesi chenye soli laini.

Kama baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya kweli bado hulali usiku, nenda kituo cha afya uombe rufaa ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Bugando pale Mwanza wapo. Goti lililofika mwisho kabisa linaweza kubadilishwa kwa upasuaji hapahapa nchini, ikiwemo Taasisi ya Mifupa MOI, Muhimbili. Hata huko, atakayeingia chumba cha upasuaji na paja lenye nguvu ndiye atakayesimama mapema.

Nawaomba wenye maduara na viongozi wa vikundi vya wachimbaji: toeni dakika kumi kabla ya zamu, watu wanyooshe viungo pamoja. Hazitapunguza gramu hata moja ya dhahabu, na zitawabakiza watu wenu kazini.

Na wewe mama, baba, kaka unayesoma ukiwa umekaa: usisubiri Jumatatu. Weka gazeti pembeni, vuka mikono kifuani, inuka, kaa. Fanya mara nane. Kesho pumzika. Keshokutwa, inuka tena.